UZI: Asistenti anapewa chaki na orodha ya majina. Kufundisha anajifunzia wapi?

BuretiNaChaki (Lubumbashi)

Jambo yenu wote, wakubwa na wadogo. Uzi huu utakuwa mrefu, mwenye haraka ausome jioni akishatulia.

Mimi ni asistenti (msaidizi wa profesa chuoni) wa kemia, mandati ya pili (kipindi changu cha pili cha kazi), hapa Lubumbashi. Chuo sitakitaja, na simsemi mtu. Nasema jambo ambalo nadhani kila asistenti wa Kongo amelipitia, awe Goma, Bukavu, Kisangani au Kinshasa.

Siku nilipopata barua ya uteuzi nilielezwa mambo mawili: saa ya TP (kazi za vitendo), na ufunguo wa maabara unakaa kwa nani. Basi. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya vijana tisini na kitu wa mwaka wa kwanza, nimevaa koti jeupe la kuazima. Nilikuwa nimemaliza na distinction, na titraji (kupima asidi kwa kudondoshea besi) nilikuwa naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu Katuba. Nikaeleza dakika arobaini na tano, nikajaza ubao, nikafuta, nikajaza tena. Kisha nikageuka: "Mumeelewa?" Wakajibu wote kwa pamoja: "Ndiyo!" Nikateremka pale mbele nimeridhika kabisa.

Wiki ya pili nikaketi kusahihisha ripoti. Kundi moja la watu wanne lilikuwa limeandika kipimo cha bureti (mrija wa kioo wenye alama za mililita) kuwa 13,60 mahali ambapo mimi, nilipopita kwenye meza yao, niliona kwa macho yangu 12,40. Kipimo cha pili wakaandika 15,70 badala ya 14,30. Nikajua wametunga namba nyumbani. Nikawapa 4 kwa 20 na kuandika kwa kalamu nyekundu: "Uzembe." Binti mmoja wa kundi lile alinifuata kwenye korido akasema, "Asistenti, hatukutunga." Nikamwambia arudi akasome.

Mwezi ukapita. Siku moja nikawa napita nyuma ya meza za TP nyingine, nikamwona kijana ameinamia bureti, kidole kwenye kioo, anahesabu kutoka chini kwenda juu. Nikamuuliza kwa nini anaanzia chini. Akanitazama kwa mshangao: "Si ndivyo kwenye silinda?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye silinda ya kupimia, sifuri iko chini. Kwenye bureti, sifuri iko juu. Ukisoma 12,40 huku unapanda kutoka 13, utaona sehemu sita za kumi juu ya 13, na utaandika 13,60. Ukisoma 14,30 kwa njia hiyo utaandika 15,70. Wale vijana hawakuwa wametunga hata namba moja. Walikuwa wamesoma kwa uangalifu sana, kwa kanuni waliyoijua, na aliyepaswa kuwaambia kwamba kanuni imegeuka ni mimi. Dakika arobaini na tano niliongea juu ya asidi na besi. Sifuri iko wapi, sikusema, kwa sababu kwangu lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa.

Alama zilikuwa zimeshabandikwa kwenye valvu (ubao wa matangazo). Nilimtafuta yule binti, nikaomba msamaha mbele ya wenzake, alama zikarekebishwa. Lakini tangu siku hiyo swali haliniachi: ni wangapi wamerudia mwaka katika nchi hii kwa sababu hakuna aliyewaonyesha sifuri iko wapi?

Naomba mchango wenu. Je, nyinyi mlifundishwa kufundisha? Na nani, na kwa njia gani?

Mwalimu_wa_Ruashi

Asistenti, jambo sana, na pole. Mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari, nilitoka ISP (chuo cha ualimu). Hadithi yako imenigusa kwa sababu sisi tunashangaa jambo hilo tangu zamani.

Anayefundisha mtoto wa primaire la kwanza amepita humanités pédagogiques (sekondari ya ualimu), amefanya stage (mazoezi ya kufundisha), amesimama mbele ya darasa huku mwalimu wa didaktiki ameketi nyuma na daftari. Mimi ili nifundishe sekondari nilifanya stage, na kila somo lilikuwa na fishi ya maandalizi. Sasa yule atakayewafundisha watu wa chuo, ambao kesho ndio wahandisi na madaktari wetu, anapewa chaki tu. Kadiri shule inavyopanda, ndivyo maandalizi ya mwalimu yanavyopungua.

Niongeze jambo moja nililolipata stage. Kwenye fishi yangu ya kwanza kabisa niliandika lengo: "Mwishoni mwa somo mwanafunzi ataelewa usagaji wa chakula." Msimamizi wangu, mama mmoja mpole sana, akalikata neno "ataelewa" na kuandika pembeni: "Utakuona wapi?" Akanieleza kwamba kuelewa hakuonekani. Andika atachora, atataja kwa mpangilio, atatofautisha, atahesabu. Kitu ambacho macho yako yanaweza kukishuhudia kabla ya kengele. Nilirudia fishi ile mara tatu, na nililia usiku wa mara ya pili.

Kwa hiyo ulipowauliza wanafunzi wako "Mumeelewa?", uliwauliza kitu ambacho hata wao hawawezi kukiona. Ungewauliza "Nionyesheni kwa kidole sifuri", kumi wangeonyesha chini na ungejua papo hapo.

BuretiNaChaki

Mama Mwalimu, aksanti sana. "Utakuona wapi?" nimeliandika kwenye jalada la daftari langu la maandalizi.

Naendelea. Baada ya aibu ile nilianza kutafuta kusoma. Mitandao ya hapa mnaijua, na SNEL (shirika la umeme) mnaijua, nilikuwa napakua usiku wa manane. Nawaletea mambo matatu yaliyonisaidia.

La kwanza linahusu sisi maasistenti moja kwa moja. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman (huyu Wieman ana tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001). Ilikuwa Vancouver, Kanada, katika Chuo Kikuu cha British Columbia. Walichukua makundi mawili makubwa ya mwaka wa kwanza, kila moja watu zaidi ya 250, somo la mawimbi ya sumakuumeme. Kundi moja likaendelea na profesa mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye wanafunzi walimpenda. Kundi la pili, kwa wiki moja tu, likapewa watu wawili wasio na uzoefu wa kufundisha: mmoja ndiyo kwanza amemaliza udaktari, mwingine bado mwanafunzi wa shahada ya juu. Lakini hao wawili walikuwa wamefundishwa namna ya kuendesha darasa: wanafunzi wasome kidogo kabla ya kuja, darasani wapewe maswali, wajadiliane na jirani, wajibu, kisha mwalimu aeleze kulingana na majibu yalivyotoka.

Mwisho wa wiki makundi yote mawili yakapewa jaribio moja. Kwa profesa, wastani ulikuwa asilimia 41. Kwa wale vijana wawili, asilimia 74.

Jaribio lilikuwa fupi na somo lilikuwa moja, najua. Lakini nilipolisoma, saa nane ya usiku, nilisimama nikazunguka chumba. Maana yake ni kwamba ualimu wa chuo si kipaji, wala hauji wenyewe na mvi. Unafundishika, hata kwa mtu kama mimi, na haulazimu miaka.

Na msidhani ni utafiti mmoja tu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na uhandisi vyuoni. Pale ambapo mwalimu aliongea peke yake, uwezekano wa mwanafunzi kuanguka ulikuwa mara moja na nusu ya pale ambapo wanafunzi walifanyishwa kazi darasani.

La pili linaeleza kosa langu la bureti. Mwaka 1990, Stanford, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa vidole, mdundo wa wimbo unaojulikana na wote, na mwingine asikilize ataje wimbo. Wagongaji walidhani watatambuliwa nusu ya mara zote. Nyimbo 120 ziligongwa. Zilitambuliwa tatu. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, na sauti, na ngoma, na kila kitu. Anayesikiliza anasikia ko, ko-ko, ko. Nililijaribu na wenzangu wanne juu ya meza ya maabara, kwa wimbo wa kanisani ambao sote tunaimba kila Jumapili. Hakuna aliyeutambua, na mimi nikaanza kukasirika: "Jamani, hamuusikii?" Ni hasira ileile niliyoandika kwa kalamu nyekundu.

La tatu nitalileta baadaye, linahusu kunyamaza.

Binti_wa_Kamalondo

Jambo ba yaya. Miye niko mwanafunzi, L2. Naomba niseme kidogo ku upande ya siye banafunzi.

Asistenti akiuliza "mumesikia?" tunajibuka "ndiyo" juu tunaogopa. Ukisema "hapana", benzako banakucheka, na ye anaweza kukujibu asema wewe uko wa kurudia mwaka. Tena ile français ya mu TP iko nguvu. Kuko asistenti moja alitufundishaka kwa français, kisha akatuambia: sasa mugeukie jirani, mumwambie kwa Kiswahili vile mumesikia. Siku ile njo nilijua asema sikusikia kitu. Nilifungua kinywa, hakuna kilichotoka. Jirani yangu njo alinieleza, naye akakwama mu katikati, tukaita asistenti tuko babili. Tulikuwa babili, hatukuogopa.

Ile TP sijaisahau mpaka leo. Muendelee ba yaya, tunasoma.

BuretiNaChaki

Mdogo wangu, umesema kitu kikubwa kuliko vyote nilivyopakua usiku. "Tulikuwa babili, hatukuogopa." Nimekisoma mara nyingi.

Suala la lugha lazima tuliongee wazi. Silabusi ni Kifaransa, mtihani ni Kifaransa, na lazima wanafunzi wakiweze, kwani hakuna atakayewaonea huruma mbele ya juri. Lakini mtu anayebeba mizigo miwili, wazo jipya na lugha ngumu, kwa wakati mmoja, mmoja utaanguka. Mimi sasa nafanya hivi: wazo linajadiliwa wawili wawili kwa lugha wanayoelewana (Kiswahili, lakini nina Wakasai wanaopendelea Tshiluba chao na vijana wa Kasenga wanaozungumza Kibemba, na siwazuii), kisha mmoja anasimama kulisema kwa Kifaransa. Kifaransa kinakuja cha pili, kikiwa kimeshika kitu. Zamani mwanafunzi alikuwa ananirudishia sentensi ya silabusi neno kwa neno, nami nilikuwa nampa alama.

Sasa la kunyamaza. Mmarekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu wa sayansi wanasubiri baada ya kuuliza swali. Wastani ulikuwa kama sekunde moja, kisha mwalimu anajibu mwenyewe au anamhamia mwingine. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu tu, majibu yakawa marefu, "sijui" zikapungua, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu! Nilimpa mwenzangu simu anipime. Nilikuwa nasubiri chini ya sekunde moja. Jaribuni kusubiri tatu mbele ya oditwari iliyojaa, mtaona zilivyo ndefu, shati linalowa. Mimi sasa nauliza, nachukua kifutio, natembea hadi ukingo wa ubao, nakiweka, narudi. Ni sekunde nne. Mikono inainuka nikiwa nimewapa mgongo.

Muzee_wa_UNAZA

Vijana, nawasalimu. Mimi ni CT (chef de travaux, ngazi iliyo juu ya asistenti), nimesoma wakati vyuo vyote vya nchi vilikuwa chuo kimoja, UNAZA, kati ya 1971 na 1981. Nimesimamia TP kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Niruhusuni kusema yasiyopendeza.

Kwanza, idadi. Vancouver watu 250 wana viti, umeme na mashine za kujibia. Hapa watu 400 wana viti 200, na wanaokaa dirishani. Pili, asistenti wenu ana mshahara unaochelewa, ana mémoire au tezi (tasnifu) ya kuandika, ana watoto. Anapanda cheo kwa machapisho. Hakuna kamati iliyowahi kumuuliza mtu, "Wanafunzi wako walijifunza nini?" Tatu, heshima. Mwanafunzi akizoea kuongea ongea darasani, kesho atampinga profesa.

Na wanafunzi wenyewe hawataki. Nilikuwa na kijana mmoja miaka iliyopita, alijaribu hayo ya makundi. Promosioni (wanafunzi wa mwaka ule) ilikwenda kushtaki: "Asistenti hafundishi, anatuuliza sisi." Akaitwa ofisini, akaacha.

BuretiNaChaki

Muzee wangu, shikamoo. Nakushukuru kwa kusema waziwazi, maana wengi wanayawaza wakinyamaza.

Nianze na la mwisho. Yule kijana alikuwa na haki, na wanafunzi pia hawakusema uongo. Mwaka 2019 Deslauriers huyohuyo, sasa akiwa Harvard, alilinganisha wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa hotuba nzuri iliyopangika na waliofanyishwa kazi. Waliofanyishwa kazi walipata alama za juu zaidi, lakini walipoulizwa, walijiona wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Hotuba laini inakufanya uhisi umeelewa. Kuhangaika kunakufanya uhisi hujui, na huko kuhangaika ndiko kunakobaki kichwani. Ndiyo sababu mimi siku ya kwanza kabisa nawaeleza kwa nini nitawauliza, kabla ya kuwauliza. Nawapa bureti na silinda mkononi, nawaambia kisa cha 13,60 chote, pamoja na "Uzembe" wangu. Tangu nianze hivyo hakuna aliyekwenda kushtaki.

La idadi: ni kweli, na linaumiza. Lakini jirani hahitaji umeme. Hata anayekaa dirishani ana jirani. Badala ya mashine, vidole: kidole kimoja jibu A, viwili B, vitatu C, mkono ukiwa kifuani ili mwenzako asiige. Nahesabu kwa macho, napata picha.

Hebu niwaonyeshe TP moja ilivyo sasa. Msumari wa chuma ndani ya maji ya salfeti ya shaba. Sisi ni watu wa shaba, mjini kwetu terili (kilima cha mabaki ya kuyeyusha madini) linaonekana kutoka mbali, na hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyeshika jiwe la kijani la malakiti. Zamani nilikuwa natumbukiza msumari huku naongea: "Tazameni, shaba inaganda kwenye chuma." Wanatazama, wanashangilia, wanaandika. Wiki ya pili hakuna aliyejua buluu ya maji ilikwenda wapi.

Sasa msumari unabaki mkononi mwangu. Nasema: "Kabla sijatumbukiza, kila mtu aandike kwenye robo karatasi: msumari utakuwaje, na rangi ya maji itakuwaje baada ya nusu saa?" Wengi wanaandika kwamba msumari utashika kutu. Wengine wanaandika maji yatabaki buluu kwa sababu shaba ni nyingi. Wanabishana na jirani. Hapo ndipo natumbukiza. Kimya chake, Muzee, ungekisikia! Msumari unavaa wekundu, buluu inafifia taratibu, na kila mtu ana dau lake mezani. Aliyekosea ndiye anayeuliza swali zuri kuliko wote: "Basi chuma kimekwenda wapi?" Kutoka hapo elektroni zinakuja zenyewe, sina haja ya kuzisukuma.

Robo karatasi tisini, daftari moja la bei ndogo. Dakika sita.

La heshima, sitabishana nawe. Nitakwambia tu kwamba yule binti niliyemwomba msamaha ananisalimia kwa heshima kuliko siku nilipompa 4.

La machapisho na kupanda cheo, hapo huna kosa, Muzee. Sina jibu la hilo. Litabaki limetubana mpaka wenye kupanga watie kufundisha kwenye mizani. LMD (mfumo wa Licence-Master-Doctorat) tuliyoingia tangu 2021 inasema mwanafunzi ana saa zake za kazi binafsi ndani ya kila krediti. Kama hakuna asistenti aliyefunzwa kuisimamia hiyo kazi, saa zile ni karatasi tu.

Dada_wa_Kadutu (Bukavu)

Yambo ndugu zangu wa Lubumbashi. Mimi ni asistenti wa historia, Bukavu. Pamoja na hali tuliyo nayo huku, bado tunafundisha tunapoweza, na uzi huu umenipa nguvu.

Kwetu hakuna bureti. Tuna TD (mazoezi ya darasani) za kusoma nyaraka, na shida yetu kubwa ni kusahihisha. Profesa anakupa kopi (karatasi za majibu ya wanafunzi) 150 Ijumaa, anazitaka Jumatatu. Kopi ya kwanza unasoma yote, ya sitini unasoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Na hakuna aliyewahi kuniambia 12 ni kitu gani. Mwenzangu akimpa mtu 12 anamaanisha "vizuri sana", mimi nikimpa 12 namaanisha "hujakosea". Mwanafunzi hajui ameangukia kwa nani.

Muzee_wa_UNAZA

Binti yangu wa Bukavu, hapo umenigusa mahali pangu. Hili lina jina tangu zamani: dosimolojia (elimu ya namna mitihani inavyosahihishwa). Mfaransa Henri Piéron ndiye aliyelieneza neno hilo. Na kabla yake, mwaka 1912, Wamarekani wawili, Starch na Elliott, waliwapelekea walimu 142 wa Kiingereza kopi ileile moja. Aliyetoa kidogo alitoa 64 kwa 100, aliyetoa nyingi alitoa 98. Kopi moja! Mimi nilisomeshwa haya nikiwa kijana, nikafaulu mtihani wake vizuri, kisha nikasahihisha miaka yote hii kama vile sikuyasoma.

Endeleeni.

BuretiNaChaki

Muzee, aksanti kwa maneno hayo. Dada, sisi tulifanya hivi, chukua kinachokufaa.

Tuko watano: kemia wawili, jiolojia mmoja, agronomia mmoja, na dada mmoja wa sheria. Tunakutana Jumamosi saa tatu ya asubuhi. Hakuna aliyetutuma, hakuna posho, kila mtu analipa taksibasi yake. Mara ya kwanza tulichukua kopi moja tu ya mwanafunzi, jina limefunikwa, kila mtu akasahihisha peke yake bila kuongea. Kwa 20, zilitoka 7, 9, 11, 12 na 14. Tulitazamana. Kopi ileile ingemrudisha mtu mwaka kwa wawili wetu na kumpitisha kwa watatu.

Tukabishana saa nzima, na ubishi ule ndio uliotufundisha. Mwenye 7 alikuwa anapima Kifaransa. Mwenye 14 alikuwa anapima kama wazo limo. Tukaandika kwenye ukurasa mmoja: wazo lina pointi ngapi, ushahidi ngapi, hesabu ngapi, lugha ngapi. Tukachukua kopi ya pili. Zikatoka 10, 11, 11, 12 na 12. Sasa ukurasa ule tunawapa wanafunzi kabla ya kazi, wajue wanapimwa kwa nini. Na kopi zikiwa nyingi, usimalize kopi moja nzima kisha uende nyingine. Sahihisha swali la kwanza kwa wote, kisha la pili kwa wote. Mkono unabaki palepale.

Baada ya hapo tukaanza masomo mafupi. Kila Jumamosi mmoja anafundisha dakika kumi, kitu kimoja kidogo, na wanne tunakuwa wanafunzi kwelikweli. Njia hii si yetu, ilianzia Stanford mwaka 1963, na wenzetu wa ISP kama Mama Mwalimu wanaijua vizuri. Simu inawekwa juu ya rafu ya chupa, inarekodi. Sheria yetu ni moja: anayetazama haruhusiwi kusema "vizuri" wala "vibaya". Anasema alichoona tu. "Uliuliza maswali manne, matatu uliyajibu mwenyewe." "Upande wa dirishani hukuutazama hata mara moja." Mimi nilihesabiwa dakika saba kati ya kumi nikiongea na ubao. Nisingeamini kama nisingeona mgongo wangu mwenyewe kwenye simu.

Dada wa sheria alikuwa na haraka ya kusema. Tulipomwonyesha rekodi yake alikaa kimya, kisha akasema, "Hata mimi nisingeandika chochote hapa." Jumamosi iliyofuata alirudia somo lilelile, dakika kumi zilezile, akiwa ameondoa nusu ya aliyotaka kusema. Kurudia ni muhimu kuliko kukosolewa. Ukikosolewa bila nafasi ya kurudia, unaondoka na aibu tu.

Mwalimu_wa_Ruashi

Hapo kwenye kurudia, asante. Msimamizi wangu wa stage alikuwa na neno lake: somo la kwanza ni la mwalimu, la pili ndilo la mwanafunzi. Asistenti, mkitaka mtu wa kuwasaidia na fishi, Jumamosi zangu asubuhi ziko wazi baada ya sokoni.

Dada_wa_Kadutu (Bukavu)

Kopi moja, jina limefunikwa, watu watano. Tutaifanya wiki hii. Tuko watatu tu lakini tutaanza. Naomba uuweke ule ukurasa wa pointi hapa, hata picha.

BuretiNaChaki

Dada, naupiga picha leo jioni umeme ukirudi. Ubadilishe kwa historia: badala ya hesabu weka namna anavyoisoma nyaraka, nani aliiandika na kwa nini.

Mama Mwalimu, karibu sana. Utatuanzishia na "Utakuona wapi?" kwa malengo yetu, lete makasi.

Muzee_wa_UNAZA

Jumamosi hii ni zamu ya nani kufundisha?

BuretiNaChaki

Ilikuwa ya mwenzangu wa jiolojia, Muzee, lakini ana safari ya Likasi. Nafasi iko wazi.

Muzee_wa_UNAZA

Niandikeni mimi. Dakika kumi, mizani ya maabara na namna ya kusoma uzani. Simu iwe karibu, nataka nione ninasubiri sekunde ngapi.

BuretiNaChaki

Nimekuandika, Muzee. Saa tatu ya asubuhi. Chaki ziko, kifutio nitaleta mimi.